Kikundi Kinachorudi: Mwongozo wa Kuendesha Kikundi cha Kujitolea kwa Ajili ya Wenye Uhitaji

Mwezi Julai mwaka 1995 joto kali liliukumba mji wa Chicago, Marekani, na katika muda wa siku chache zaidi ya watu 700 wakapoteza maisha. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi waliishi peke yao, hata ikawa baadhi yao hawakujulikana kuwa wamefariki mpaka baadaye. Mji ule ulikuwa na hospitali, magari ya wagonjwa na ofisi za ustawi wa jamii. Kilichokosekana katika nyumba zile ni mtu wa karibu wa kubisha hodi asubuhi na kuuliza kama aliyemo ndani ameamka salama. Ninaanza na tukio hilo kwa sababu linaonyesha wazi nafasi ambayo kikundi kidogo cha kujitolea kinaweza kuishika, na ambayo taasisi kubwa haiwezi kuishika hata ikipewa fedha nyingi: kumfahamu mtu kwa jina lake na kwa mlango wake, na kurudi kwake siku ile ile iliyoahidiwa.

Maelezo haya yanawahusu wanaotaka kuanzisha kikundi cha namna hiyo, na pia wale ambao tayari wanacho na wanaona nguvu zinapungua. Nimefanya kazi ndani ya vikundi vya aina hii kwa muda mrefu, na nitakayoyasema mengi yanatokana na kuona yaliyosimama na yaliyoanguka. Vikundi vingi nilivyoviona vikifa havikufa kwa kukosa moyo wala fedha. Vilikufa kwa sababu viliahidi mambo mengi mwanzoni, vikashindwa kuyarudia, na watu waliokuwa wakivitegemea wakabaki na maumivu mapya juu ya yale ya zamani.

Jambo moja lieleweke kabla hatujaenda mbali. Kikundi cha kujitolea hakichukui nafasi ya serikali. Matibabu, elimu, ulinzi wa mtoto na kipato cha chini cha kumwezesha mtu kuishi ni haki, na mwaka 2012 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha pendekezo, lile la namba 202, linalozitaka nchi ziweke kiwango cha msingi cha hifadhi ya jamii kwa watu wote. Kazi ya kikundi ni kumsaidia mtu aifikie haki hiyo: kumsomea fomu asiyoweza kuisoma, kumsindikiza kwenye ofisi anayoiogopa, kukaa naye kwenye foleni, kufuatilia faili lililopotea. Kikundi kinachojiona kuwa mbadala wa serikali hulemewa haraka, na wakati huo huo huwapa wenye wajibu kisingizio cha kutotimiza wajibu wao.

Kuwatafuta wasioonekana

Vikundi vingi huanza na katiba, muhuri na fulana zenye nembo. Ningeshauri mwanze na kutembea. Tengeni majuma matatu au manne ya kuzunguka eneo lenu, mkiwauliza wahudumu wa afya, walimu, viongozi wa dini na viongozi wa mtaa swali moja: ni nani hapa ambaye hatujamwona siku nyingi? Swali hilo huzaa majibu bora kuliko kuuliza ni nani maskini, kwa sababu umaskini hujulikana na wote, lakini upweke hujificha. Mwalimu atakumbuka mtoto anayesinzia darasani kwa kuwa usiku humhudumia mzazi mgonjwa. Mhudumu wa afya atakumbuka mama aliyeacha kuhudhuria kliniki ghafla. Jirani atakumbuka taa ambayo haiwaki tena.

Angalieni pia ni nani anayehesabiwa kuwa na msaada ilhali hana. Mtu anayeishi na ndugu anaweza kuwa mpweke kuliko anayeishi peke yake, na anayemuuguza mwenzake usiku na mchana huwa amesahauliwa kabisa, kwa maana kila anayebisha hodi humuulizia mgonjwa. Katika orodha yenu ya kwanza, wekeni majina ya walezi hao kwa uzito ule ule wa wagonjwa wenyewe.

Maneno tunayoyatumia nayo yana uzito. Neno "wasiojiweza" limezoeleka, lakini linamhukumu mtu mzima kwa jambo moja lililomshinda, wakati yule mzee asiyeweza kupanda ngazi bado anaweza kuwafundisha watoto hesabu, na yule mama mwenye ulemavu wa macho anaijua familia yake kuliko mtu yeyote. Uhitaji ni hali, na hali hubadilika. Mtu huingia ndani yake kwa ugonjwa, msiba, kupoteza kazi, vita au uzee, na wengi hutoka. Neno "walengwa" nalo ningeliacha kwenye ripoti za wafadhili. Mwiteni mtu kwa jina lake na kwa heshima anayostahili kwa umri wake.

Kuchagua kinachoweza kurudiwa

Baada ya kutembea mtakuwa na orodha ndefu inayotia huzuni, na hapo ndipo kishawishi cha kuahidi kila kitu kinapokuja. Fanyeni hesabu kwanza. Tuseme mna watu 12 waliojitolea kwa dhati, na kila mmoja anaweza kutoa saa tatu kwa wiki. Kwa kuwa ziara ya nyumbani hufanywa na watu wawili, mna jozi 6. Ziara moja, pamoja na kwenda, kurudi na kuandika kumbukumbu, huchukua takribani saa moja na nusu, hivyo kila jozi itamudu nyumba 2 kwa wiki, na jumla yake ni nyumba 12. Lakini wapo watakaougua, watakaosafiri na watakaofiwa, kwa hiyo chukueni nyumba 9 na si zaidi. Nyumba 9 zinazotembelewa kila wiki mwaka mzima ni ziara zaidi ya 460. Nyumba 60 zinazotembelewa mara moja kwa mbwembwe ni ziara 60, na milango 60 ambayo mara ya pili itafunguliwa kwa shingo upande.

Hesabu hii inawaudhi watu wenye huruma. Najua, kwa sababu iliniudhi na mimi. Inauma kuwa na majina 40 na kuchukua 9. Namna ya kuamua ni kuuliza ni nani hatakuwa na mtu kabisa tukimwacha, na ni nani madhara yake hayatarekebishika tukichelewa. Majina yaliyobaki msiyatupe. Yapelekeni kwa vikundi vingine, kwa ofisi ya ustawi wa jamii, kwa majirani wanaoweza kubeba jambo moja dogo. Mara nyingi mtu mmoja anayepiga simu kila jioni anatosha kubadilisha siku za mtu mwingine.

Ziara yenyewe

Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Nendeni wawili, wala msizidi. Watu sita wakiingia katika chumba kimoja wanakuwa msafara, na mwenye nyumba anageuka kuwa mgeni nyumbani kwake. Bisheni hodi, mngoje, na mkae mnapoelekezwa kukaa. Elezeni ninyi ni nani, mmetoka wapi, nani aliwatajia jina lake, na kwamba ana uhuru wa kuwakatalia leo au siku yoyote. Ridhaa hii haitolewi na mtoto wake, jirani yake wala kiongozi wa mtaa kwa niaba yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unasisitiza kwamba mtu mwenye ulemavu anatambuliwa mbele ya sheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha. Kwa hiyo hata pale mtu anapohitaji kusaidiwa kuelewa jambo, msaada huo ni wa kumwezesha aamue mwenyewe. Nimewaona watu wema wakizungumza na binti wa mzee juu ya mzee, huku mzee mwenyewe amekaa katikati yao akiwatazama. Ni kosa dogo kwa macho ya anayelifanya, lakini linamvunja mtu.

Kisha ulizeni, na baada ya kuuliza mnyamaze. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na katika ziara maneno hayo yana maana halisi kabisa: mtu ndiye ajuaye kinachomkosesha usingizi, na mara nyingi sicho mlichokileta. Nakumbuka ziara moja kwa mzee aliyekuwa na shinikizo la damu. Wenzangu walikuwa wamemtembelea mara tatu, wakamuuliza kama ana dawa, akajibu kwamba anazo, na kweli zilionekana pale kando ya kitanda. Mara ya nne mwenzetu mmoja hakuuliza kama anazo. Alimwomba aonyeshe anavyozimeza. Mzee akaichukua chupa, akakikandamiza kifuniko, vidole vyake vilivyopindika kwa baridi yabisi vikateleza, akajaribu tena, kisha akairudisha mahali pake taratibu na kutazama ukutani. Dawa alikuwa nazo kwa majuma mengi, lakini kifuniko hakuweza kukifungua, na aliona haya kuwaambia vijana kwamba ameshindwa na kifuniko. Tulirudi kwa mfamasia, akazihamishia kwenye kichupa chenye kifuniko cha kawaida, jambo lililochukua dakika chache tu. Tangu siku hiyo tuliacha kuuliza "unacho?" na tukawa tunaomba "nionyeshe unavyofanya".

Kusikiliza nako ni msaada kamili, hata kama mikono imetoka mitupu. Mwaka 1953 kasisi mmoja wa London, Chad Varah, alianzisha huduma ya simu kwa watu waliokuwa wakifikiria kujiua. Alidhani watu hao wangehitaji ushauri wake, na akawaalika watu wa kujitolea wawakaribishe waliokuwa wakingoja zamu. Baada ya muda akagundua kwamba wengi walioketi na wale wa kujitolea, wakasikilizwa bila kuhukumiwa, hawakuona tena haja ya kumwona yeye. Mwaka 1954 akawakabidhi wao kazi ya kusikiliza, na huduma hiyo, iitwayo Samaritans, ingali hai. Kinachohitajika ni kujizuia: kutomkatiza mtu, kutomsimulia msiba wako anapokusimulia wake, kutomwambia kwamba kila kitu kitakuwa sawa wakati hujui. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 kuhusu huduma ya kwanza ya kisaikolojia, liliupanga msaada huo katika vitendo vitatu ambavyo mtu asiye mtaalamu anaweza kujifunza, yaani kuangalia, kusikiliza na kuunganisha. Kuangalia usalama na nani amezidiwa, kusikiliza anachohitaji, na kumuunganisha na huduma au na watu wake wa karibu. Fanyeni mazoezi ya vitendo hivi kwa kuigiza kati yenu kabla hamjaenda nyumbani kwa mtu.

Kabla ya kuondoka, semeni mtarudi lini, na mseme siku. "Tutakuja tena" si ahadi, ni salamu tu. "Tutarudi Jumanne asubuhi" ni ahadi, na mtu anayeishi peke yake ataihesabu. Ikitokea hamuwezi, apigiwe simu au aende mtu mwingine kumwarifu.

Siri na kumbukumbu

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayeingia nyumbani mwa mtu huona asichoonyeshwa mwingine, na akitoka nacho mdomoni ameharibu zaidi ya alichojenga. Kila nyumba iwe na ukurasa wake katika daftari: tarehe, majina ya waliokwenda, kilichoombwa, kilichoahidiwa, nani atakitekeleza na lini. Maoni yenu juu ya tabia ya mtu hayana nafasi humo. Daftari lifungiwe, na wanaoruhusiwa kulisoma wajulikane kwa majina.

Jina la mtu, ugonjwa wake na picha yake visipite kwenye kundi la WhatsApp la kikundi, hata kwa nia njema, kwa kuwa ujumbe ukishasomwa au kusambazwa hamna uwezo tena wa kuurudisha. Kuhusu picha, msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi: mtu anayepokea msaada asipigwe picha akiupokea. Mnasema aliridhia, lakini ridhaa ya mtu mwenye njaa anayetazama mfuko mikononi mwenu haina uhuru ndani yake. Mfadhili anayetaka uthibitisho aonyeshwe hesabu.

Kuwalinda mnaowasaidia, hata dhidi yenu wenyewe

Hii ni sehemu ambayo vikundi vidogo huikwepa, kwa kuwa wote wanafahamiana na inaonekana ni kutukanana kuizungumza. Lakini mtu mwenye nia mbaya hutafuta mahali ambapo walio dhaifu wapo na maswali hayapo. Mwaka 2002, baada ya kufichuka taarifa za unyanyasaji wa kingono uliofanywa na watoa misaada kwa wakimbizi katika Afrika Magharibi, mashirika ya Umoja wa Mataifa na wenzao wa misaada ya kibinadamu yalikubaliana juu ya kanuni za msingi: ni marufuku kutoa fedha, ajira, bidhaa au huduma kwa kubadilishana na ngono, ni marufuku kujamiiana na mtu mwenye umri chini ya miaka 18, hata kama sheria ya mahali pale inaruhusu umri mdogo zaidi, na kila anayeona au kushuku jambo kama hilo anawajibika kutoa taarifa. Kanuni hizo ziliandikwa kwa mashirika makubwa, lakini kikundi cha watu 12 kinazihitaji vile vile. Ziandikeni kwenye karatasi moja, mzisome kwa sauti, na kila mmoja atie saini.

Ongezeni zenu za kila siku. Mtu mmoja asibaki na mtoto peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Asiyetumwa na kikundi asiende kwa jina la kikundi. Hakuna anayekopa wala kumkopesha mtu anayemtembelea, hakuna anayeshika kadi yake ya benki au kujua nambari yake ya siri, na hakuna anayekubali kuandikwa katika wosia wake. Mpya anayejiunga alete majina ya watu wawili wanaomfahamu, nao waulizwe kweli, kisha atembee na mzoefu kwa miezi mitatu kabla ya kukabidhiwa nyumba. Mwema hatachukia utaratibu huu akielezwa sababu yake.

Ikiwa mtu, hasa mtoto, atawaeleza kwamba anapigwa, ananyimwa chakula au anaguswa isivyostahili, msimuahidi kwamba mtaficha. Mwambieni kwamba mmemwamini, kwamba kosa si lake, na kwamba kuna mtu ambaye ni lazima mumwarifu ili awe salama. Msimhoji kama polisi. Maswali mengi yanaweza kuuharibu ushahidi na kumwumiza upya. Andikeni maneno yake kama alivyoyasema, siku hiyo hiyo, na mpeleke taarifa kwa mamlaka inayohusika. Msimkabili mtuhumiwa, kwa maana mtakapoondoka atabaki na yule aliyesema. Vilevile kila mnayemtembelea apewe jina na namba ya mtu asiye mwanachama wenu anayeweza kumpelekea malalamiko dhidi yenu, mathalani kiongozi wa dini au mwalimu mstaafu anayeheshimika. Malalamiko yakifika, mhusika asimame kando mpaka yachunguzwe, hata kama ndiye mwenyekiti.

Kujua pa kuishia

Kikundi kizuri kina daftari la pili, dogo, ambalo ndani yake mna kila huduma inayoweza kufikiwa: zahanati, hospitali, dawati la polisi linaloshughulikia ukatili, ofisi ya ustawi wa jamii, msaada wa kisheria, huduma za afya ya akili. Kwa kila moja andikeni saa za kufunguliwa, nyaraka zinazodaiwa, na jina la mtu wa kuulizia. Tembeleeni kila ofisi kabla hamjaihitaji, mjitambulishe, na mrudi kuhakiki maelezo hayo kila baada ya miezi mitatu.

Kumpa mtu anwani kwenye kikaratasi kisha mkarudi nyumbani bado hamjamuunganisha. Sindikizeni mara ya kwanza. Baada ya wiki moja ulizeni kama alipokelewa, na kama hakupokelewa rudini naye. Majeraha, dalili za kiharusi, mazungumzo ya kutaka kujiua, uchungu wa mama mjamzito, haya yote hayangoji kikao cha kikundi. Mwenye zamu awe na ruhusa ya kuchukua hatua papo hapo na kutoa taarifa baadaye. Asiye mganga asibadilishe dozi, asisimamishe dawa, wala asishauri tiba aliyoisikia kwa jirani.

Fedha

Nitasema machache kwa kuwa kanuni zake ni chache. Fedha ziwe na watu wawili wa kuidhinisha, wasio ndugu. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti kila mwezi mbele ya wanachama wote, hata kama kilichopo ni kidogo sana. Nauli za wanaojitolea zirudishwe, la sivyo watabaki wenye uwezo peke yao, na wale wanaoijua shida kwa ndani watajitoa kimya kimya. Mchango unaokuja na sharti la kuwaacha watu wa dini, kabila au chama fulani ukataliwe. Mwaka 1859, baada ya mapigano ya Solferino kaskazini mwa Italia, Henri Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi, aliwaona wanawake wa mji wa Castiglione wakiwahudumia majeruhi wa pande zote bila kubagua, na yeye akafanya kazi pamoja nao; miaka minne baadaye kamati iliyozaa harakati ya Msalaba Mwekundu iliundwa mjini Geneva. Wanawake wale hawakuwa shirika. Walikuwa majirani wa uwanja wa vita, na kutobagua kwao ndiko kulikofungua njia.

Wanaojitolea nao ni watu

Anayesikiliza huzuni kila wiki hujaa. Dalili zake ni kuchelewa, hasira ndogo ndogo, kuota nyumba za watu, au kinyume chake, kutaka kwenda kila siku na kukataa kupumzika. Wekeni kikao cha mara mbili kwa mwezi ambacho hakina ajenda ya fedha wala mipango, watu wanasema tu walichokutana nacho bila kutaja majina. Kila mmoja apumzike kabisa mwezi mmoja kwa mwaka, na anayetaka kuondoka aondoke bila kulaumiwa.

Waingizeni pia ndani ya kikundi wale waliokuwa wakisaidiwa. Mama aliyewahi kufiwa na mtoto ataketi na mama mwingine kwa namna ambayo mafunzo hayawezi kuitoa. Mzee asiyetoka nyumbani anaweza kuwa ndiye anayepiga simu za kila asubuhi kwa wazee wengine watano. Kikao kinachopanga mambo ya watu wenye ulemavu bila mtu mwenye ulemavu mezani kiahirishwe.

Siku ya maafa

Tetemeko lililoupiga mji wa Kobe, Japani, tarehe 17 Januari 1995, liliua watu zaidi ya 6,000, na wengi wa walionasuliwa kwenye vifusi walitolewa na jamaa na majirani, kwa kuwa vikosi vya uokoaji havikuweza kufika kila mahali kwa wakati. Katika joto la Agosti 2003 nchini Ufaransa, takribani watu 15,000 zaidi ya kawaida walifariki, wengi wao wakiwa wazee. Matukio haya mawili yanafundisha jambo moja la kiutendaji: saa za kwanza ni za walio karibu, na walio karibu wanaweza kusaidia ikiwa tu wanajua nani yuko wapi.

Andaeni basi karatasi moja, mbali na yale madaftari, inayoonyesha nani anaishi peke yake, nani hawezi kushuka ngazi, nani anategemea kifaa kinachotumia umeme, nani hasikii king'ora, na ufunguo wa akiba uko kwa nani. Kila nyumba iwe na watu wawili wanaoifahamu, ili mmoja akikwama mwingine aende. Pangeni mnyororo wa simu ambao kila mtu anampigia mmoja tu, na wa mwisho anampigia wa kwanza. Huyo wa kwanza, yaani mratibu, asipopigiwa anajua kwamba mnyororo umekatika. Ujaribuni mara mbili kwa mwaka, tena siku ambayo hamjatangaza.

Kuacha bila kutelekeza

Itafika siku ambapo mtu hawahitaji tena, au jozi inayomtembelea inahama, au kikundi chenyewe kinafungwa. Jiandaeni kwa siku hiyo tangu mwanzo. Mwarifuni mwezi mmoja kabla, ana kwa ana. Kama kuna wapokezi, waleteni katika ziara mbili au tatu za mwisho, muwaache wao wazungumze zaidi, na ninyi mkae pembeni. Yale mliyoyaandika kumhusu mpeni fursa ya kuyasikia, na muulize kipi kikabidhiwe na kipi kichanwe. Vitu vyake vyote mlivyo navyo, funguo, nakala za vyeti, barua za hospitali, virudishwe mkononi mwake na atie saini kwamba amevipokea. Baada ya wiki mbili mmoja wenu apite tena, hata kwa dakika kumi, kuona kama wapokezi walifika siku waliyosema watafika.